Kuhariri Hadithi Yako Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Mwanafunzi kwa Mwanafunzi

Karatasi ya Insha katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, humpa mtahiniwa dakika 105 aandike insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400, kila moja kwa alama 20. Kwa miaka minne ya sekondari ndivyo tulivyojifunza kuandika: haraka, mara moja tu, kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu. Ukimaliza unaweka nukta na kukabidhi. Muda wa kurudia haupo, na hata ungekuwepo, hatukuwahi kufundishwa kurudia ni kufanya nini hasa.

Kisha unajikuta chuoni hapa Mombasa, umeandika hadithi yako mwenyewe bila kuamriwa na mtu, na unahisi ina kasoro lakini huijui iko wapi. Unabadilisha neno hapa, unaongeza methali pale, na hadithi haiwi bora hata kidogo.

Ninaloamini, na ndilo linaloshika mwongozo huu wote, ni kwamba kuhariri ni kumwondoa msahihishaji kichwani na kumkaribisha msomaji. Msahihishaji anahesabu misamiati na tamathali. Msomaji anataka kujua yule kijana atamwambia mama yake au hatamwambia. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa chini inatokana na tofauti hiyo.

Nitatumia mfano mmoja wa hadithi fupi niliyoiandika na kuiandika upya. Inamhusu Salim, kijana aliyeitwa chuo kikuu, na mama yake anayeuza viazi karai karibu na kivuko cha Likoni. Barua ya chuo anayo, karo hana.

Kabla ya kugusa chochote

Hifadhi rasimu ya kwanza kama ilivyo, usiiguse tena. Ikiwa umeandika kwenye kompyuta au simu, nakili faili na uipe jina jipya lenye namba: salim1, salim2, na kuendelea. Kwenye Google Docs unaweza kurudi nyuma kuona matoleo ya awali, lakini mimi bado napendelea faili tofauti, kwa sababu mtu hukata kwa ujasiri akijua alichokikata hakijapotea. Ukiwa umeandika kwa mkono, anza ukurasa mpya wa daftari. Usifutefute juu ya ule wa kwanza.

Kisha iache. Wiki mbili zinatosha kwa hadithi fupi, wiki moja kama tarehe ya mwisho inakubana. Muda huo si wa uvivu. Ukisoma leo ulichoandika jana, bado unasikia ulichokusudia, wala huoni kilichomo kwenye karatasi. Soma vitabu vya watu wengine, nenda ufukweni Mama Ngina ukapunge upepo, fanya kazi zako za darasani.

Siku ya kurudi, kama una shilingi za kulipia saiba, ichapishe, uache nafasi pana kati ya mistari. Kwenye skrini jicho huteleza. Kwenye karatasi linakwama, na kukwama ndiko tunakokutaka.

Isome mara moja bila kalamu, kwa sauti

Kalamu iweke mbali kabisa. Jifungie chumbani, au panda juu paani jioni jua likishapoa, usome hadithi yote kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama kurekebisha. Kama nyumbani kwenu kuna watu wengi, kama kwingi hapa mjini, jirekodi kwa simu mkiwa wachache, kisha uvae spika za masikioni uisikilize ndani ya matatu ukitoka Bamburi kwenda mjini. Foleni ya Daraja la Nyali inatosha kabisa hadithi fupi nzima.

Sikio la Mswahili lina mamlaka yake. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yaliishi vinywani na vichwani mwa watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Yangekuwa na mistari inayokwama mdomoni, yasingetufikia. Kwa hiyo panapokwama ulimi wako, au unapojikuta unasoma haraka ili upite, kumbuka mahali hapo. Usipatengeneze bado.

Ukimaliza, chukua karatasi safi ujibu swali moja kwa sentensi moja: hadithi hii inamhusu nani, na anataka nini? Mimi nilipojibu mara ya kwanza niliandika, "Inahusu umaskini." Hilo halitoshi. Umaskini ni mada ya mtihani. Jibu lililonisaidia lilikuwa hili: Salim anataka mama yake asijue kwamba ameitwa chuo, kwa sababu akijua atauza cherehani yake. Sentensi hiyo haikuwemo popote katika rasimu ya kwanza. Niliipata nikijibu swali, na ndiyo iliyoamua kipi kibaki na kipi kiondoke.

Usipoweza kuijibu kwa sentensi moja, usiendelee na hatua nyingine. Kaa na swali hilo hata siku tatu.

Mifupa kwanza

Wengi wetu tukishika kalamu tunaanza na tahajia, kwa kuwa ndiyo rahisi kuiona. Huko ni kupaka rangi ukuta utakaoubomoa kesho. Anza na mambo makubwa.

Orodhesha matukio ya hadithi, kila moja kwa mstari mmoja mfupi. Yangu ilikuwa hivi: Salim anaamka. Anaoga na kunywa chai. Anakumbuka alivyofaulu mtihani. Anapanda matatu. Anafika kivukoni. Anamsaidia mama. Barua inaonekana. Mama anasema neno.

Sasa mbele ya kila tukio andika kinachobadilika. Kabla ya tukio hilo hali ilikuwaje, na baada yake ikoje? Tukio ambalo halibadilishi kitu, likate au liunganishe na jingine. Kuamka, kuoga, chai na matatu havikubadilisha kitu chochote. Kumbukumbu ya mtihani iligeuka kuwa nusu sentensi. Hadithi ikaanzia kivukoni.

Hili la mwanzo lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Shuleni tulizoeshwa utangulizi: siku ilivyopambazuka, hali ya hewa, majogoo. Msahihishaji anautarajia. Msomaji hauhitaji. Jaribu jambo moja dogo: funika aya ya kwanza kwa kiganja uanze kusoma ya pili. Kama hakuna kilichopotea, aya ya kwanza haikuwa na kazi. Kisha ifunike na ya pili. Mara nyingi hadithi huanza kweli katikati ya ukurasa wa kwanza, mahali ambapo mtu wa kwanza anafanya jambo ambalo lingeweza kumgharimu.

Mwisho nao ukague kwa njia hiyohiyo. Je, aya yako ya mwisho inasimulia, au inatoa funzo? Insha ya methali inalazimika kurudi kwenye methali. Hadithi hailazimiki. Mimi nilikata aya nzima iliyoeleza kwamba mapenzi ya mama hayana kifani. Yalikwisha kuonekana kwenye karai.

Na angalia nani anasimulia. Ukianza na Salim, kisha ghafla tukawa ndani ya mawazo ya mama, halafu ya mteja, msomaji hajui akae wapi. Chagua macho ya mtu mmoja, uandike tu anachoweza kuona, kusikia na kukisia yeye.

Aya moja, kabla na baada

Hii ni sehemu ya kwanza ya rasimu ya mwanzo:

"Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema. Majogoo yaliwika na jua lilichomoza kwa madaha. Salim aliamka, alioga, alivaa nguo zake na alikunywa chai. Alikuwa na huzuni sana kwa sababu hakuwa na karo ya chuo. Moyo wake ulimdunda na kijasho chembamba kilimtiririka. Alikwenda kwa mama yake ambaye alikuwa ni muuzaji wa viazi karai kivukoni Likoni."

Na hii ndiyo iliyobaki baada ya marudio:

"Salim alifika kivukoni mama yake akiwa ameshaepua karai la pili. Barua ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Akasogea upande usio na moshi, akachukua magazeti ya kufungia, akaanza kuhudumia wateja bila kuambiwa.

'Wewe leo huendi popote?' mama akauliza, macho yakiwa mafutani.

'Siendi, mama.'

'Haya. Nipe huo ukwaju.'"

Tazama kilichotendeka. Neno "huzuni" halipo tena. Pana barua iliyokunjwa mara nne. Maelezo kwamba mama ni muuzaji wa viazi hayapo. Yupo mama anayeepua viazi. Na mama anauliza swali bila kuinua macho, kwa hiyo msomaji anaanza kushuku kwamba huenda anajua zaidi ya anavyosema. Hilo la mwisho sikulipanga. Lilitokea kwa sababu nilimwacha mama aendelee na kazi yake badala ya kumkalisha chini asikilize.

Unapofikia hatua hii chagua aya yako yenye majina mengi ya hisia: huzuni, furaha, hofu, hasira, mapenzi. Kila mahali palipo na jina la hisia, uliza mkono wa mhusika unafanya nini wakati huo. Andika mkono. Huna haja ya kufuta kila neno la hisia katika hadithi nzima, maana mara nyingine "alikasirika" ndiyo njia fupi na njema ya kupita. Lakini pale hadithi inapobeba uzito wake, usitoe jina. Onyesha.

Mapambo ya insha

Hapa nina msimamo, na najua walimu wengine hawatakubaliana nami. Semi hizi, nyingi zake, ziondoke: kupigwa na butwaa, kijasho chembamba, nywele kusimama, machozi kutiririka njia mbilimbili, ghafla bin vuu, kutoka shoti, guu niponye, jua la utosi, majogoo ya kwanza. Si mbaya zenyewe. Zilikuwa hai vinywani mwa waliozitunga. Ila sisi tulizikariri kutoka orodha zilezile ili tupate alama, na sasa zinajitokeza zenyewe kila tunapochoka kufikiri. Mahali penye usemi wa kukariri ndipo mahali ambapo mwandishi aliacha kumtazama mhusika wake.

Chukua kalamu ya rangi moja, upigie mstari kila usemi ambao umewahi kuuona kwenye insha ya mwenzako. Kisha kwa kila mmoja amua mambo mawili tu: ama ufute, ama uandike ulichokiona kweli. Salim "alipigwa na butwaa" mama alipoitoa barua chini ya chano. Nilipojiuliza alifanya nini hasa, jibu likawa: aliendelea kumrudishia mteja chenji, akampa nyingi kuliko alizostahili, na mteja akaondoka nazo.

Methali ni jambo jingine. Watu wa Pwani wanaongea kwa methali, na mhusika mzee asiyetumia hata moja anaweza kuonekana si mtu wa hapa. Lakini iweke mdomoni mwa mtu mwenye sababu ya kuisema, na mara nyingi nusu yake inatosha. Bibi akisema "Teke la kuku..." akanyamaza, kila msomaji anamalizia mwenyewe. Methali katika sauti ya msimulizi, inayoeleza funzo la kilichotokea, ifute.

Vitenzi

Rudi kwenye rasimu yangu ya kwanza: aliamka, alioga, alivaa, alikunywa. Kila kitendo kinaanza upya na -li-, kama orodha ya ushahidi polisi. Kiswahili kimetupa -ka- kwa ajili ya kusimulia: weka -li- kwenye kitendo cha kwanza, kisha vinavyofuatana vibebe -ka-, na msomaji anahisi kitendo kimoja kikizaa kingine. Akasogea, akachukua, akaanza. Lakini -ka- nazo zikifululizana aya nzima zinakuwa mbio tupu. Zivunje kwa -ki- pale vitendo viwili vinapotendeka pamoja ("akahesabu chenji akiitazama meli"), au kwa -li- mpya pale wakati unaporuka.

Tafuta pia kila "ambaye", "ambacho" na "ambao". Vingi vinaweza kuingia ndani ya kitenzi. "Mwanamke ambaye alikuwa anauza" ni "mwanamke aliyekuwa akiuza", na mara nyingine ni "muuza viazi" tu. Tafuta "alikuwa ni", utoe "ni". Tafuta "sana" uone ngapi zina kazi. Kwenye programu yoyote ya kuandikia unaweza kulitafuta neno lote mara moja. Utashangaa limejirudia kiasi gani.

Mazungumzo

Soma mazungumzo peke yake, ukiruka usimulizi wote. Kama huwezi kujua nani anasema bila "alisema Salim", basi wahusika wako wote wanaongea kwa sauti yako.

Mwandishi wa Mombasa ana neema na mtihani hapohapo. Neema ni kwamba mjini hapa mtu hujulikana kwa usemi wake. Nyanya wa Kibokoni hatamuuliza mjukuu wake, "Mjukuu wangu, unakwenda wapi katika jua kali kama hili?" Atasema, "Wendapi jua lote hili, mjukuu wangu?" Kijana wa Majengo akiongea na mwenzake atachanganya, na akimgeukia nyanya huyo atabadilika papo hapo, atasema "Shikamoo, bibi" na sauti itashuka. Muuzaji wa Kongowea aliyetoka bara ataongea kivyake. Ukiwaandika wote kwa Kiswahili cha kitabu cha kiada, umewanyang'anya walikotoka.

Mtihani ni kujua kiasi. Msomaji wa Dodoma au wa Kisumu naye anataka kufuata. Kanuni ninayoifuata ni kwamba usimulizi ubaki Kiswahili sanifu, na mazungumzo yabebe lahaja kwa yale yanayosikika wazi: "wataka nini" badala ya "unataka nini", "yuwaja" badala ya "anakuja". Matamshi ya kila neno siyaandiki. Mhusika akishaanza kusema "wataka", aendelee hivyo hadi mwisho; akibadilika, iwe kuna sababu, kwa mfano anaongea na afisa wa serikali.

Kisha kata salamu. Katika maisha salamu za Waswahili ni ndefu na ni nzuri, na kuzikatiza ni utovu wa adabu. Katika hadithi ziandike zote pale tu zinaposema jambo, kwa mfano pale mtu anapoulizwa habari za nyumbani na akakawia kujibu. Kwingine, "wakaamkiana" inatosha.

Kagua mahali na majira

Hatua hii hupuuzwa, na kwangu ina utamu wake. Msomaji wa Mombasa akikuta kosa moja la mahali, haamini tena chochote.

Fukwe zetu zinatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuchwa upande wa bara. Kwa hiyo wapenzi waliokaa ufukweni Nyali hawawezi kulitazama jua "likizama baharini", hata kama picha za filamu zimetuzoesha hivyo. Na machweo yetu hayachelewi: mwaka mzima jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na giza huingia mara moja.

Mwezi nao. Usiku wa kuamkia Idd ndogo ni usiku wa mwezi mwandamo. Mwezi ni uzi mwembamba unaotua mapema. Mhusika wako hawezi kutembea Mji wa Kale usiku huo chini ya mbalamwezi. Idd kubwa huangukia tarehe kumi ya mwezi, kwa hiyo hapo mwanga upo. Maji hufuata mwezi: bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Mvuvi wako akivuka mwamba kwa miguu maji yakiwa yamekupwa kabisa, hakikisha siku hiyo ina bamvua.

Ukiandika hadithi ya zamani, kumbuka majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi na upepo wa kusi. Jahazi linalowasili kwa tanga kutoka Maskati mwezi wa Julai linapingana na upepo.

Na miaka iangalie. M-Pesa ilianza Machi 2007; mama wa mwaka 2003 hawezi kutuma karo kwa simu, atampa dereva wa basi bahasha. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Daraja la Nyali tunalolijua lilifunguliwa 1980, na kabla yake watu walivuka kwa daraja la kuelea. Andika mwaka wa hadithi yako juu ya karatasi, kisha pitia kila kifaa, kila nauli, kila jengo.

Ikiwa ulichoandika ni shairi

Mengi yaliyotangulia yanafaa, ila shairi la arudhi, linalofuata kanuni za vina na mizani, lina ukaguzi wake. Gonga mezani kwa kidole silabi moja moja. Chukua mshororo huu nilioujaribu: "Kivuko kimejazana, watu wangoja zamu." Kipande cha kwanza kina mizani 8. Cha pili kina 7. Njia ya mkato ni kubandika kijineno kisicho na kazi, "tu" au "pia", ili hesabu itimie, na mashairi mengi ya wanafunzi yamejaa vijineno hivyo. Njia bora ni kutafuta ndani ya kitenzi chenyewe: "watu wangojea zamu." Mizani 8 imetimia na maana imenyooka zaidi. Inkisari (kulifupisha neno) na mazida (kulirefusha) ni ruhusa ya mshairi, lakini zitumie baada ya kujaribu njia hiyo.

Vina vikikushinda, usigeuze maana ili kufuata kina. Badilisha kina cha ubeti mzima. Ni kazi ya jioni moja.

Mpe mtu asome

Sasa, na si kabla, mtafute msomaji. Wawili wanatosha: mmoja anayesoma hadithi kwa hiari yake, na mmoja anayewajua watu unaowaandika. Kwa hadithi ya Salim, wa pili alikuwa jirani yetu mwenye meza ya vyakula. Aliniambia viazi haviwezi kukaa kwenye mafuta muda wote ule wa mazungumzo niliyoyaandika, vingeungua. Hilo lilifupisha mazungumzo kwa nusu, na yakawa bora.

Usimwulize mtu "umeionaje?" Kwa adabu zetu atakujibu "nzuri, mashallah", na nyote mtabaki hapo. Muulize haya: Ulichoka wapi? Ni wapi ulilazimika kurudi nyuma kusoma tena? Unadhani Salim alitaka nini? Baada ya mstari wa mwisho, unadhani kitafuata nini? Akijibu, andika. Usijitetee wala usimweleze ulichokusudia, kwa sababu hutakuwepo kumweleza kila msomaji. Wasomaji wawili wakilalamikia mahali pamoja, mahali hapo pana tatizo, hata kama dawa wanayopendekeza si yenyewe.

Kama huna watu wa kusoma, tafuta majukwaa ya vijana wa sanaa. Swahilipot Hub, hapo Mji wa Kale, hukusanya waandishi na wasanii, na vyuo vingi vina vyama vya Kiswahili. Kusoma mbele ya watu kunafundisha haraka sana: utaona ni wapi watu wanainamia simu zao.

Mwisho kabisa, tahajia

Programu nyingi za kompyuta zitapigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, kwa hiyo zima kikagua tahajia, ufungue kamusi. Tengeneza orodha yako ya makosa unayoyarudia na uikague peke yake. Yanayotupata wengi ni haya: "ata" badala ya "hata", "apo" badala ya "hapo", "ingine" badala ya "nyingine", "masaa" badala ya "saa", "dhamani" badala ya "thamani", na "hii kitu" badala ya "kitu hiki". Upatanisho wa ngeli ukague kwa kutafuta nomino kwanza, kisha ufuate vivumishi na vitenzi vyake hadi mwisho wa sentensi, hasa sentensi ndefu ambamo nomino imeachwa mbali nyuma.

Soma kuanzia sentensi ya mwisho ukirudi juu. Hapo hadithi haikubebi tena, na jicho linaona herufi.

Utajua umefika pale unapobadilisha neno, na kesho yake unalirudisha lilelile. Ukifanya hivyo katika sehemu kadhaa, funga faili, andika jina lako na idadi ya maneno juu ya ukurasa wa kwanza, soma tena masharti ya jarida au shindano unalolipelekea, kisha utume. Siku hiyohiyo fungua ukurasa mpya wa hadithi nyingine, ili usikae ukilisubiri jibu.